Ukurasa wa Nyumbani: Konokono Wetu na Haki ya Jirani



Wapenzi wasomaji wetu, wakubwa kwa wadogo, mwezi huu twataka kusema nanyi juu ya jambo ambalo pengine wengine wataliona dogo mno kuandikiwa ukurasa mzima. Nalo ni habari ya konokono na wadudu waharibuo mboga tuzipandazo uani katika mikebe, madebe, ndoo na magunia. Walakini mara nyingi jambo dogo ndilo lipimalo adabu ya mtu. Sisi tulipimwa kwa konokono, tukaanguka. Basi yafaa tuanze kwa kuikiri aibu yetu wenyewe, kisha ndipo tupate uso wa kuwanasihi wengine.

Nyumba yetu ni ya mjini, haina shamba wala kiunga. Tuna ua mdogo wa sakafu, na katika ua huo tumepanga mikebe 12: mitano ya mchicha, mitatu ya kotimiri, miwili ya nanaa na miwili ya pilipili. Si mali nyingi, lakini ni kitoweo cha watoto, na siku ambayo mfuko ni mtupu mikebe hiyo hutustiri.

Masika yalipoingia, konokono wakatujia. Jioni twauacha mchicha umesimama, asubuhi twakuta vijiti vitupu, na juu ya sakafu njia za ute uliokauka zang'aa kama fedha. Vijana wetu wakawa wakiamka alfajiri na kuwaokota, na sisi wakubwa, bila ya kufikiri, tukawaambia wawatupe nyuma ya ukuta. Wakawatupa siku hiyo, na ya pili, na ya tatu, hata ikawa ni desturi ya kila siku. Wala hapana aliyeuliza nyuma ya ukuta kuna nini.

Siku moja, baada ya sala ya Alasiri, tukasikia hodi. Alikuwa ni bibi mzee, jirani yetu wa nyuma, mjane ambaye chumo lake ni kufunga vikuba vya mrehani na asumini na kuviuza kwa wenye harusi. Mkononi alichukua kikapu kilichofunikwa kwa jani la mgomba.

"Shikamoo, Bibi," tukamwambia.

"Marahaba, wajukuu zangu. Nimekuja kurudisha amana."

Akalifunua lile jani. Kikapu kilikuwa kimejaa konokono watupu.

"Kila asubuhi nawaona wakiruka kutoka kwenu kuja kwangu," akasema. "Umri wangu wote huu sikujua kuwa konokono ana mbawa."

Hakusema zaidi ya hayo, wala hakupaza sauti. Sisi tukainamisha vichwa. Tulipokwenda kwake kutazama, tuliikuta mikebe yake ya mrehani imebaki vikonyo, na harusi zilikuwa zimekaribia. Mchicha wetu ulikuwa ni kitoweo, lakini mrehani wake ulikuwa ni kodi ya nyumba yake. Tulikuwa tumeiondoa dhara kwetu na kuiweka juu ya mtu dhaifu kuliko sisi, na kila asubuhi tukarudi ndani kunywa chai kwa raha. Nani asiyejua jinsi Mtume wetu (s.a.w.) alivyousiwa na Jibrili habari ya jirani, hata akadhani kuwa jirani atarithishwa? Sisi twaijua hadithi hiyo tangu chuoni, na haikutuzuia.

Basi tulianza upya, na hayo tuliyojifunza ndiyo tutakayo kuwapa leo.

Kwanza yafaa tumjue mgeni wetu. Kwa hakika huyu si mgeni. Sisi ndio tuliomkuta. Konokono mkubwa wa rangi ya kahawia mwenye mistari, ambaye wenye elimu humwita Lissachatina fulica, asili yake ni pande zetu hizi za Afrika ya Mashariki. Kombe lake laweza kufikia urefu wa sentimita 20. Kila mmoja ni dume na jike pamoja, hutaga mayai mamia kwa mwaka, naye huishi miaka kadhaa. Hupenda usiku na unyevu, na mchana hujificha chini ya mikebe na mbao. Jua likishika na mvua zikikatika, huingia ndani ya kombe lake, akaufunga mlango kwa utando, akalala miezi hata mvua zirudi. Tena kwa kuwa hujenga nyumba yake kwa chokaa, hukwangua hata kuta zilizopakwa chokaa; na waliokaa katika nyumba za mawe za pwani wamewaona wakiparamia ukuta usiku, wala si kwa kutembea tu.

Mwanadamu amemchukua konokono huyu akamtawanya duniani, na mara nyingi kwa uzembe kama ule wetu. Mwaka 1847 Mwingereza mmoja, W. H. Benson, aliwachukua konokono kutoka Mauritius akawaachilia bustanini Calcutta, na kutoka hapo wakaenea Bara Hindi. Mwaka 1966 mtoto mmoja alirudi Miami, Marekani, kutoka Hawaii na konokono watatu. Bibi yake akawaachilia bustanini. Baada ya miaka saba walipatikana zaidi ya 18,000, na serikali ya huko ilitumia kama dola milioni moja hata ikawamaliza mwaka 1975. Hao walikuwa watatu tu, walioachiliwa na bibi asiyekusudia ubaya! Sisi tulitupa kikapu kizima.

Kisha tazameni dawa isiyofikiriwa. Mwaka 1955 huko Hawaii waliletwa konokono wengine, walao konokono wenzao, ili wawamalize wale wakubwa. Wale wakubwa walibakia, ila konokono wadogo wa asili ya visiwa vile ndio walioliwa, hata baadhi yao wakatoweka kabisa. Haya twayataja ili vijana wetu wajue kuwa kuiondoa dhara ni elimu, wala si hasira.

Ama njia iliyotufaa sisi ni hii. Ni kazi ya mkono, na haina gharama.

Mikebe yote tuliiinua juu ya matofali, tukaitenga na ukuta na tukaitenga yenyewe kwa yenyewe, ili pasiwe na pahali pa giza na unyevu pa kujificha. Matundu ya chini, yapitishayo maji, tuliyaziba kwa vipande vya wavu wa madirisha, maji yapite na konokono asipite. Majani makavu na yaliyooza tuliyaondoa. Kisha tukaacha desturi yetu ya kumwagilia maji magharibi, tukawa twamwagilia asubuhi. Kwani udongo uliolowa jioni ni karamu iliyotandikwa kwa konokono usiku kucha, na uliolowa asubuhi hukauka juu kabla ya giza.

Baada ya hayo tukaweka mitego. Jioni twaweka sakafuni gunia lililolowa, au kifuu cha nazi kilichofudikizwa, na chini yake maganda ya papai au ya ndizi. Baada ya sala ya Isha vijana huzunguka na taa, na baada ya sala ya Alfajiri hufunua magunia. Wiki ya kwanza tuliokota wengi hata tukachoka kuhesabu. Wiki ya nne tulipata wawili au watatu. Mayai yao pia hutafutwa. Huwa yamefukiwa udongoni kwa mafungu, meupe yaelekeayo manjano, madogo kama shanga. Fungu moja likiondolewa ni konokono mamia waliozuiwa. Na wakati mzuri kuliko wote ni kiangazi, kabla ya mvua, maana wakati huo wamelala wamejifunga, nao huokotwa kama mawe.

Hapa twapenda kutoa hadhari. Yako mafunzo mengi ya bustani yanayosema kuwa dawa ya konokono ni kuweka kisahani cha pombe. Nyumba ya Mwislamu haina haja ya kununua chupa hiyo kwa kisingizio cha konokono. Kimvutacho mdudu huyu ni harufu ya hamira. Basi chukueni kinyunya cha unga wa maandazi uliokwisha kuumuka, kiasi cha ndimu, mkiweke chini ya kifuu. Watakuja wenyewe. Na maganda ya mayai, ambayo watu husifu sana, tuliyajaribu na hatukuona yakimzuia. Jivu kavu humzuia kidogo, lakini mvua moja huliondoa.

Twauliza sasa: konokono aliyeokotwa afanywe nini? Katika jambo hili twaona watu wengi wakikosea, na watoto zaidi. Hummwagia chumvi, wakakaa kumtazama akitoka povu na kujinyonga, wakacheka. Ndugu zetu, kumwua mdudu mwenye kudhuru kumeruhusiwa, lakini kumtesa hakukuruhusiwa. Mtume (s.a.w.) ametufundisha kuwa wema umefaradhishwa katika kila jambo, hata katika kuua na kuchinja. Mtoto anayezoea kucheka mateso ya konokono leo, kesho atacheka mateso ya paka, na hatujui keshokutwa atacheka ya nani. Tena chumvi hiyo hushuka katika udongo wa mkebe, na mkebe ni mdogo, hauna pa kuipeleka. Mizizi huungua, na mmea hufa pamoja na adui yake. Basi na auawe kwa pigo moja la jiwe zito, mara moja, kisha azikwe shimoni. Na kazi hiyo aifanye mtu mzima.

Kadhalika konokono asishikwe kwa mkono mtupu. Shikeni kwa mfuko wa plastiki au kwa jani, kisha osheni mikono kwa sabuni. Ziko minyoo ambayo huishi katika mapafu ya panya, na konokono huibeba. Ikiingia kwa mwanadamu yaweza kufika kwenye ubongo na kumtia maradhi makubwa. Kwa hiyo kotimiri na nanaa, ambazo twazila mbichi katika kachumbari na chatini, zioshwe jani kwa jani kwa maji yapitayo, zitazamwe chini na juu, maana koa mdogo asiye na kombe huweza kuwa mdogo kuliko punje ya mchele. Jani lenye ute litupwe.

Sasa twafika kwenye jambo ambalo kwa ajili yake hasa tumeushika wino. Nalo ni sumu.

Mtu akiona mboga zake zimeliwa, hukimbilia dukani au sokoni akaomba "dawa". Pengine atapewa punje za metaldehaidi, ambazo huchanganywa na pumba ili konokono azipende. Walakini pumba hupendwa na kuku pia, na mbwa, na paka, na mtoto atambaaye huokota kila kitu akitie kinywani. Sumu hiyo imedhuru wanyama wengi hata Uingereza ikakataza isitumiwe nje kuanzia mwisho wa Machi 2022. Ziko punje nyingine, za feriki fosfeti, ambazo hatari yake ni ndogo zaidi; asiye na budi na aulizie hizo, asome maandishi ya pakiti, asizidishe kipimo.

Lakini hatari kuliko hiyo ni ile dawa isiyo na jina. Hupimwa kwa kijiko ikafungwa karatasini, au humiminwa katika chupa ya soda, ikaletwa nyumbani na kuwekwa chini ya meza ya jikoni. Aliyeinunua aijua. Mtoto wa miaka mitatu ajua kuwa chupa ya soda ina soda. Enyi akina baba na akina mama, mkebe wa mchicha bei yake ni nini, hata tuuwekee rehani ya roho ya mtoto? Mchicha ukiliwa wote, mbegu mpya ni senti chache. Sumu isiyo na jina isiingie nyumbani. Iliyo na jina ikae katika chombo chake, juu, chini ya ufunguo. Na ikitokea bahati mbaya mtoto akanywa, asilazimishwe kutapika. Apelekwe hospitali saa ile ile, na chombo cha sumu kichukuliwe pamoja naye ili tabibu ajue anatibu nini. Na mikebe iliyokuwa na sumu au rangi isipandwe chakula kabisa, hata ikisuguliwa mara saba.

Ama wale wadudu wengine, twawataja kwa kifupi.

Vidukari, wale wadogo wa kijani au weusi wakaao chini ya majani machanga na kuyafyonza, wanaondoka kwa maji ya sabuni. Futeni kijiko kidogo cha sabuni ya kipande katika lita moja ya maji, mnyunyize chini ya majani jioni, jua likiisha kupoa, na asubuhi msuuze kwa maji safi. Sabuni ya unga ya kufulia isitumiwe, huunguza. Kwa walio sugu, mwarobaini wa uani wafaa: twangeni kokwa zake kavu gramu 50, mziloweke katika lita moja ya maji usiku mmoja, mchuje na mnyunyize. Maji hayo nayo yawekwe mbali na watoto.

Mkiwaona sisimizi wakipanda na kushuka juu ya mmea, msiwamwagie maji ya moto. Wao hawali jani. Wanawafuga vidukari kama sisi tufugavyo ng'ombe, wakiwakama utamu wao na kuwalinda na maadui. Ondoeni vidukari, na sisimizi wataondoka wenyewe kwa kukosa maziwa. Kumbukeni kisa cha yule Nabii aliyeumwa na sisimizi mmoja akaichoma jamii yao yote, na jinsi Mola wake alivyomlaumu. Na yule mdudu mviringo, mwekundu mwenye madoa meusi, muacheni. Chakula chake ni vidukari, na yeye na watoto wake ni askari wenu msiowalipa mshahara.

Adui mkubwa kabisa wa mikebe, hata hivyo, hali mboga. Ni mbu. Sahani iliyowekwa chini ya mkebe ili kupokea maji, na kopo tupu lililosahauliwa pembeni, ndiko atagako mbu wa mchana mwenye miguu ya madoa meupe. Huyo ndiye aletaye homa ya denge, iliyoshika Dar es Salaam mwaka 2014 na tena 2019; na ndiye aletaye chikungunya, maradhi ambayo jina lake ni la Kimakonde, kwani yalijulikana kwanza kusini mwa Tanganyika mwaka 1952. Yai lake huwa mbu kamili kwa muda wa siku saba hadi kumi. Basi kila Ijumaa, kabla ya kwenda msikitini, sahani zote zimwagwe na zisuguliwe, kwani mayai hushika pembeni. Anayelinda mchicha wake na huku anafuga mbu, anaudhi mtaa mzima.

Wasomaji wetu watauliza mambo yaliishaje na yule bibi. Hatukuweza kumrudishia siku alizopoteza. Tulimlipa kwa kadiri tulivyoweza, tukampelekea vipando vya mrehani kutoka kwa jamaa zetu wa shamba, na vijana wetu wawili, walewale waliokuwa wakitupa, wakapewa kazi ya kuokota konokono katika nyua zote mbili, kwake kwanza na kwetu baadaye. Mwanzo waliona ni adhabu. Siku hizi, wakikawia, huambiwa na mama yao kuwa bibi anawangoja na chai ya tangawizi, nao huenda mbio. Mrehani umeshika. Juzi alituletea kikuba kimoja, akasema ni zaka ya konokono.

Na sisi katika mikebe yetu bado twapata jani lililotobolewa hapa na pale. Hatuhuzuniki. Mtume (s.a.w.) ametubashiria kuwa Mwislamu apandapo mmea, akila humo ndege au mtu au mnyama, huandikiwa sadaka. Kulinda mboga ni haki yetu, lakini hatukuamrishwa kuwa kila jani liwe letu. Lililo letu hasa ni kwamba katika kuulinda mkebe wetu tusimdhuru mtoto, wala jirani, wala kiumbe zaidi ya haja.

Vijana, kazi yenu ya mwezi huu ni hii: usiku wa leo, baada ya Isha, chukueni taa mzunguke uani. Hesabuni mtakaowakuta na muandike idadi. Fanyeni hivyo mwezi mzima, na mwisho wa mwezi tazameni hesabu imeshuka kwa kiasi gani. Na asubuhi, kabla ya kukitupa chochote nyuma ya ukuta, pandeni juu ya tofali kwanza, mchungulie upande wa pili yuko nani.

Twamwomba Mwenyezi Mungu atubarikie katika kidogo chetu, na atujaalie tuwe majirani wema. Amin.

Wassalaam alaykum.